Nyumba Isiyofungwa: Safari, Kufuli na Amana ya Paka Katika Nchi ya Yakobi

Kata ya Yakobi, iliyo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, ni nchi ya vilima na mabonde ya baridi, na mwenyeji wake akiamka alfajiri ya mwezi wa Juni akalitazama bonde lililo chini ya nyumba yake, aghalabu hulikuta limefunikwa na ukungu, na pengine na jalidi iliyoyababua majani ya viazi kana kwamba moto umepita juu yake. Katika nchi ya namna hiyo jiko ndilo moyo wa nyumba: hapo watu huota moto, hapo watoto husimuliwa habari za wakubwa, na juu yake, darini, hukaa mahindi yakikaushwa kwa moshi, na penye mahindi panya hawakosi, na penye panya ndipo paka alipopata makao yake, akajilaza kando ya mafiga pasipo kuandikiwa hati yoyote, akawa mtu wa nyumbani.

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulitazama laweza kuonekana dogo mbele ya mambo makubwa ya tarehe, nalo ni hili: mwenye nyumba anapofunga safari ya wiki tatu au nne, paka wake mchanga, aliyeachishwa ziwa juzi na asiyejua bado kumkamata panya, anamwachia nani? Nimelisikia swali hili likiulizwa kwa sauti ya chini na watu wa heshima zao, walimu na wauguzi na makarani, kana kwamba ni jambo la anasa lisilofaa kutajwa mbele ya wazee. Mimi naona si la anasa. Ni jambo la amana, na amana ni kongwe kuliko barabara na reli. Na tukiifuata habari ya kuondoka kwa watu katika nchi hii, tangu siku za vita hata siku hizi za mabasi, tutaona kwamba swali hilo limezuka zamani zetu hizi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hapo kale watu waliondoka, lakini nyumba haikufungwa.

Paka wetu wa nyumbani asili yake ni paka mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, naye hakukamatwa na kufungwa kamba kama punda au ng'ombe, bali alijileta mwenyewe pale wanadamu walipoanza kuweka akiba ya nafaka, panya wakaifuata nafaka, naye akawafuata panya. Katika kisiwa cha Cyprus wachimbuzi wa mambo ya kale walimkuta paka aliyezikwa kando ya mtu katika kaburi lenye umri wa miaka 9,500 hivi. Na kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, ni dhahiri kwamba kuna mtu aliyempakia chomboni, akavuka naye bahari, akamtunza hata kufa kwake. Kwa hiyo tangu mwanzo wa habari yake paka ni mnyama wa safari na wa makao kwa pamoja: hakuna ajuaye kukaa kama yeye, wala hakuna aliyesafirishwa mbali kuliko yeye.

Katika pwani yetu mambo yalikuwa hivyo hivyo. Huko Unguja Ukuu, bandari iliyositawi kabla ya mwaka 1000, imefukuliwa mifupa ya panya mweusi, ambaye asili yake ni Asia, nayo ni ushahidi kwamba vyombo vilivyoleta shanga na vyungu vilimleta pia mla nafaka asiyealikwa. Na nahodha mwenye shehena ya mchele au mtama hakuwa na mlinzi aliye rahisi na mwaminifu kuliko paka. Ndipo paka akaingia katika miji ya mawe, akalala vibarazani, akazoea sauti ya adhana, na hata leo mgeni aingiaye Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja huwaona kila kichochoro, wengine wana mwenyewe, wengine ni wa mtaa mzima. Dini ilimpa hadhi ambayo mbwa hakuipata: imepokewa kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaotuzungukia nyumbani; na sahaba aliyepokea hadithi nyingi kupita wenziwe alijulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, maana yake baba wa kipaka.

Lakini katika hadithi zote zilizopokewa juu ya mnyama huyu, iliyo nzito kwa maudhui yetu ni ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Dhambi yake haikuwa kumpiga wala kumchinja, bali alimfungia, asimpe chakula, wala asimwache atoke akajitafutie wadudu wa ardhini, hata akafa. Mwenye kulizingatia neno hilo ataona kwamba halikutaja chuki wala hasira, na huenda mwanamke yule alikuwa na shughuli zake kama wengi wetu tulivyo. Kilichomwangamiza ni mlango uliofungwa na mtu asiyerudi kwa wakati. Karne nyingi kabla ya kufuli la kichina kuuzwa katika maduka ya Makambako, hatari ya kufuli ilikwisha kuelezwa.

Wapwani nao walikuwa na ngano yao, ile aliyoichapisha Askofu Edward Steere huko London mwaka 1870 pamoja na hekaya nyingine za Unguja, ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka yule alianza kwa kula ndama, na watu walipokwenda kushtaki, sultani akawaambia kwamba paka ni wake na ndama ni wake, basi waache. Akala mbuzi, akala wanyama walio wakubwa zaidi, na jawabu likawa lile lile, mpaka akageuka nunda, akala watu, akala na wana wa sultani mwenyewe. Wengi huisoma ngano hiyo kama habari ya ushujaa wa kijana aliyemwua nunda. Mimi huisoma kama habari ya mwenye mali aliyedhani kwamba kusema «ni wangu» kunatosha, asijue kwamba umiliki usio na matunzo huwageukia majirani kwanza na mwenyewe baadaye. Paka shume, anayeiba samaki jikoni na kula vifaranga vya watu, hakuzaliwa shume. Aghalabu alikuwa na nyumba, na nyumba ile ikafungwa.

Amma Ubena wa milimani, yaani nchi ya Wabena iliyo na Yakobi ndani yake, ni nchi isiyoiona bahari, na kilichotoka pwani kiliifikia vichwani mwa wapagazi. Wenyeji wake walikuwa wakulima na wafugaji walioishi katika miji iliyotawanyika, kila ukoo na mashamba yake, wakasukumwa na kusukumana na majirani wenye nguvu, Wahehe kwa upande mmoja na Wangoni kwa upande wa pili, katika karne nzima ya 19. Katika miaka ya kuhitimia karne hiyo na kufungulia ya 20, Misheni ya Berlin, iliyokwisha kuwasili upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, ilipanda milimani ikaweka vituo vyake, na miongoni mwavyo kikawa hiki kilichoitwa Jakobi, ambacho kwa ndimi za wenyeji ni Yakobi. Jina hilo limetokana na jina la Yakobo, na mwenye kusoma Biblia hawezi kulisikia asikumbuke kwamba Yakobo alichunga mifugo ya mjomba wake Labani kwa miaka 20, akila jua mchana na baridi usiku, na kila mnyama aliyeraruliwa akamlipa yeye mwenyewe asimpelekee Labani hasara. Sidai kwamba waliokipa kituo jina walikuwa na fikra hiyo. Nasema tu kwamba nchi iliyolichukua jina hilo ina haki ya kulikumbuka fundisho lake, kwamba mnyama wa mtu aliye mikononi mwako ni deni.

Kuondoka kwa kwanza kulikotikisa nchi kulikuja mwaka 1905. Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia katika vilima vya Umatumbi mwezi wa Julai mwaka ule, viliifikia Njombe mwezi wa Septemba, na Wabena chini ya mtemi wao Mbeyela wakakishambulia kituo cha Yakobi, wakarudishwa nyuma kwa risasi za bunduki. Baadaye ikafuata adhabu, na adhabu ya Wajerumani katika vita vile haikuwa ya risasi peke yake, bali ya moto: vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa, mazao yakaharibiwa shambani, hata njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki zilivyoua. Huko ndiko kuondoka kusiko na chaguo, ambapo mtu hukimbilia msituni na mtoto mgongoni, na hakuna amwulizaye habari ya paka. Ghala likiungua, mtu na panya na paka wote riziki yao imekatika pamoja. Nalitaja jambo hili ili tusije tukawahukumu waliotutangulia kwa kipimo cha amani: aliyekimbia moto hakumtupa mnyama wake, bali wote wawili walitupwa na dhuluma.

Kuondoka kwa pili kulikuja na vita vikuu vya kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyotoka upande wa Nyasa, yaliingia Njombe, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa vituoni mwao, wasirudi ila baada ya miaka mingi, katikati ya miaka ya 1920. Katika muda wote huo ni nani aliyeyashika makanisa, shule na bustani? Walioshika ni walimu na wazee wenyeji, watu ambao jana walikuwa wakiitwa wanafunzi. Wakaendelea kusomesha, kubatiza walipoweza, kuzika, na kuliweka jengo katika hali ya kukalika. Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, Wajerumani wakaondolewa tena, na wenyeji wakashika tena, hata zikaja siku za makanisa kujitegemea na kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania mwaka 1963. Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na kila mwenye kuondoka: aliyeachiwa nyumba na kuilinda vyema hana budi kuheshimiwa kuliko mlinzi wa mshahara, kwa maana yeye hujua kuishi ndani ya nyumba ile, si kuitazama kwa nje. Amana humkuza anayeichukua.

Kuondoka kwa tatu kulikuwa kwa kodi. Serikali ya Kijerumani ilikwisha kuweka kodi ya nyumba tangu mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, na ile ya Kiingereza ikaiendeleza kwa shilingi; na kwa kuwa nyanda za Njombe zilikuwa mbali na bandari na hazikuwa na zao la fedha la kutosha, wanaume walilazimika kwenda kuitafuta fedha ilikokuwako, wengine katika dhahabu ya Lupa huko Chunya, wengine katika chai ya Mufindi, na wengi mno katika mashamba ya katani ya Morogoro na Tanga, ambako waliitwa manamba kwa ajili ya namba walizopewa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, ile iliyojulikana kila mahali kwa jina la SILABU, na mawakala wake wakazipita nchi za milimani wakiwakusanya vijana. Mtu aliaga mkewe, akapanda lori na blanketi lake, akakaa mwaka, miwili, mitatu, na pengine asirudi.

Ni msiba mkubwa ule, na wanaouandika huuandika kwa haki kama habari ya jasho la wanaume. Lakini tuutazame kwa upande wa jiko. Mume alikwenda, mke alibaki. Alilima peke yake, alivuna peke yake, alipandisha mahindi darini peke yake, na moto haukuzimika hata siku moja. Na paka aliyekuwa kando ya mafiga siku ya kuondoka kwa bwana alikuwapo, yeye au mwanawe, siku ya kurudi kwake. Hakuna aliyelazimika kutafuta mtu wa kumtunza, kwa kuwa yule mwanamke alikwisha kubeba dhima ya vyote, watu na wanyama, bila kuulizwa. Tunapodai kwamba wazee wetu hawakuwa na taabu ya wanyama wao wanaposafiri, tunasema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba taabu hiyo ilibebwa na mtu asiyesafiri, naye hakulipwa wala hakushukuriwa.

Mambo yalianza kugeuka kidogo kidogo. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati ya Tanganyika, ambayo mashamba yake yalivifunika vilima vya Njombe kwa miti ya magome ya kudabagia ngozi, na kijana aliyetaka fedha akaweza kuipata bila kupanda lori la Tanga. Ikaja barabara kuu ya kwenda Zambia, ikaja reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, na Makambako, iliyopitiwa na vyote viwili, barabara na reli, ikageuka kuwa mlango wa nchi nzima ya kusini. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku, na iliyokuwa ya siku ikawa ya saa.

Wakati huo huo makao yenyewe yalibadilika. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi, na mwaka 1973 ikatoka amri kwamba wananchi wote wa mashambani waishi vijijini kabla ya kwisha mwaka 1976. Ikawa watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila ukoo katika uwanda wake, wakahamishwa na kupangwa kandokando ya barabara. Kuhamishwa kule kulikuwa na machungu yake, na wapo walioacha mashamba yenye rutuba na makaburi ya wazazi. Lakini kulizaa kitu ambacho hakikuwako kwa kadiri ile, nacho ni jirani asiye ndugu. Zamani aliyesikia mtoto wako akilia usiku alikuwa shangazi au mke wa kaka. Sasa alikuwa mtu wa nyumba ya nne katika zile kumi, wa ukoo mwingine, pengine wa kabila jingine. Ndipo msemo wa kwamba jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali ukaacha kuwa hekima ya kuambiana, ukawa kanuni ya kuishi.

Sasa tumefika kwenye kuondoka kwa nne, ambako ndiko kwetu sisi, nako ni likizo. Mtumishi wa leo aliyepangiwa kazi Yakobi, awe mwalimu au mganga wa zahanati au afisa wa kata, mara nyingi si mzaliwa wa hapo: mama yake yuko Bukoba, au Mtwara, au Kigoma, naye amepanga nyumba ya vyumba viwili, akaishi na mkewe na watoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 za likizo kwa mwaka. Shule hufungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Na ikifika siku hiyo jamaa nzima hupanda basi alfajiri, baba, mama, watoto na mizigo, na jambo la mwisho analolifanya mwenye nyumba ni kubana kufuli. Kwa mara ya kwanza katika habari yote tuliyoisimulia nyumba inaondokwa na wote kwa hiari yao, kwa furaha, na kwa nia ya kurejea. Aliyekimbia mwaka 1905 hakufunga mlango. Manamba aliuacha wazi, mkewe ndani. Aliyehamishiwa kijijini aliondoka na vyote. Likizo peke yake ndiyo izimayo moto.

Na anayeubaini upesi moto uliozimwa ni paka mchanga. Mtoto wa paka huachishwa ziwa akiwa na wiki 8 hivi, yaani siku 56, na hapo ndipo wengi huwapokea na kuwaleta nyumbani. Basi likizo ya siku 28 kwake ni nusu ya umri wote aliokwisha kuishi. Tumbo lake ni dogo, halishiki akiba, humtaka ale mara tatu au nne kwa siku. Mwili wake hauna mafuta ya kumkinga na usiku wa Juni, ambao katika nchi hii humtesa hata mtu mzima mwenye blanketi mbili. Wala hajafundishwa na mama yake kuwinda vya kutosha. Husemwa kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Ni kweli kwa paka mzima, lakini huyu mchanga akiachiwa bakuli la wali na nyumba yenye giza, wali utachacha siku ya pili, na panya watakaokuja kuula ni wakubwa wenye nguvu kumzidi yeye.

Nimeishi karibu na nyumba iliyofungwa namna hiyo. Wenyewe walikuwa watu wema, wapole, wenye kumpenda yule mnyama hata watoto wakamshonea kitambaa cha kulalia, nao waliamini kwamba dirisha lililoachwa wazi kidogo na sufuria la maji vingetosha. Usiku wa tatu tulisikia sauti yake. Usiku wa sita hatukuisikia tena. Ufunguo ulikuwa safarini pamoja nao, wala hawakuwa wamemwambia mtu. Tangu siku hizo nimeamini kwamba upendo usiokabidhiwa kwa mtu hauvuki kizingiti cha mlango.

Basi la kufanya ni nini? Jibu, kwa rai yangu, limo ndani ya tarehe tuliyoipitia: ukiuzima moto wako, mpeleke paka palipo na moto. Wala jambo hilo lisifanywe asubuhi ya safari, mguu mmoja ukiwa ndani ya basi, bali wiki moja kabla. Mchukue ndani ya kikapu kilichofunikwa, maana paka huogopa njia asiyoijua, umfikishe kwa jirani pamoja na kitambaa alichozoea kulalia chenye harufu ya nyumba yake, umwache saa chache, urudi naye, kesho yake umrudishe, mpaka mahali pale pasiwe pageni kwake. Jirani na amlishe kwa mkono wake wewe ukiwapo. Siku ya kuondoka kwako na akae ndani kwa siku za kwanza, kwa kuwa paka huipenda nyumba kama apendavyo watu, naye akitoka mapema atarudi kulia mlangoni pako penye kufuli.

Pili, usimwachie jirani paka mikono mitupu. Amana ina masurufu yake. Mpelekee usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa ambao hawakosekani sokoni Njombe, kwa kadiri ya siku zote utakazokuwa mbali, umweleze kwamba wachemshwe bila chumvi na kuchanganywa na ugali laini. Mwambie pia kwamba maji safi ni bora kwake kuliko maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi hudhani ndiyo chakula cha paka ilhali huwaharisha walio wengi. Mwachie boksi lenye majivu au mchanga kwa haja zake. Mwachie fedha kidogo, na namba yako ya simu, na namba ya bwana mifugo wa kata. Na kama mnyama amekwisha kutimiza miezi mitatu, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa kabla hujaondoka, kwa maana ugonjwa huo huwapata na paka, na si insafu kumwachia mtu mnyama pamoja na hatari yake.

Tatu, uliza kwa uwazi habari ya sumu ya panya. Katika nchi ya mahindi watu wengi huitumia, na paka alaye panya aliyekula sumu hufa kifo kile kile. Jirani anayeitega sumu darini si mtu mbaya, bali nyumba yake haifai kwa mwezi ule, na ni heri kuambiana mapema kuliko kulaumiana baadaye.

Liko pia jambo ambalo watu hulinong'ona nalo halina budi kusemwa. Wapo wanaomhofu paka, hasa mweusi, wakimhusisha na uchawi. Na wapo wanaoamini kwamba damu ya paka ina mkosi mzito, hata dereva akimgonga njiani hukosa raha siku nzima. Usimlazimishe mwenye hofu hiyo kuichukua amana yako, wala usimdhihaki. Mtafute mwenye moyo mweupe, umpigie hodi, umwamkie kwa «kamwene» kama wenyeji waamkianavyo, ukae kitako, umweleze haja yako bila kuizungusha, na akikataa umshukuru, kwa kuwa anayekataa mbele ya macho yako amekufanyia ihsani kuliko anayekubali kwa haya kisha akamsahau. Na ukirudi, usirudi mikono mitupu: leta zawadi ya huko ulikotoka, iwe senene za Bukoba au korosho za Mtwara, si kama ujira bali kama shahada kwamba umeiona kazi yake, ile kazi ambayo wake wa manamba waliifanya miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewaletea kitu.

Serikali nayo imekwisha kusema. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, humtwisha mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na kumkinga na mateso, wala haikuweka mpaka kati ya mnyama wa thamani na asiye na thamani. Lakini sheria haina mguu wa kwenda kuchungulia kila dirisha la Yakobi usiku wa Juni, jirani anao. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi, na maana yake si kwamba asifukuzwe tu, bali kwamba amekwisha kuwa sehemu ya nyumba, na sehemu ya nyumba haiachwi nyuma kama kiatu kilichochakaa.

Basi ewe msomaji unayefunga safari mwezi huu, kabla hujakata tiketi yako Makambako, vuka ua uende kwa jirani yako, umkabidhi paka wako mkononi mwake, yeye mwenyewe akiwa ameridhia, na ufunguo wa nyumba yako umwachie yeye.